Mwamuzi wa Njia ya Tatu

Alifundisha watu kuogelea akiwa mkavu. Katika miaka yote niliyomjua nilimwona ndani ya maji mara chache mno, na kila mara alitoka akinung'unika kana kwamba kuna mtu kamsukuma. Kazi yake aliifanyia ukingoni: khanga imefungwa juu ya suruali ya michezo, filimbi shingoni, na mkononi mpini wa ufagio ambao kichwa chake kilikwisha ng'oka zamani. Kwa mpini huo alimvuta anayezama na kumgonga kisigino mvivu wa kupiga miguu, na jioni aliutumia kuegemeza mlango wa chumba cha kubadilishia nguo, maana kitasa kilikuwa kibovu na manispaa haikuwa na haraka nacho. Wote tulimwita Mwalimu, wakubwa kwa wadogo. Nina hakika wengi waliojifunza kwake hawakuwahi kulijua jina lake.

Ukiwauliza leo watu wetu wa Johannesburg, yaani sisi Watanzania tulioolewa na wapigania uhuru waliorudi kwao, pamoja na Wakongo na Warundi waliokuwa wakileta watoto bwawani, hawatakusimulia habari za ufagio. Watakuambia: yule mama aliyemwondoa mtoto wetu mashindanoni. Mtoto mwenyewe ni binti yangu, Thandi. Basi kama kuna mtu mwenye haki ya kumlaumu yule mama, wa kwanza ni mimi. Nami nilimpenda, na bado nampenda, kwa hiyo nimweleze nijuavyo mimi kabla wao hawajamaliza kumsimulia.

Tuanze na ulimi wake, maana ndio uliokupokea getini. Hakuwa na neno laini hata moja. Mtoto aliyeogopa kina aliitwa mheshimiwa. Aliyepiga maji kwa nguvu bila kwenda popote aliitwa fundi wa povu. Mama Furaha, msusi wa pale Rosettenville aliyetoka Bukavu, alipoingia bwawani mara ya kwanza akiwa na umri wa kuitwa bibi, aliambiwa kwamba gunia la chumvi lingeelea kuliko yeye. Mama Furaha alicheka mpaka akanywa maji, akakohoa, akarudi tena wiki iliyofuata. Neno pole lilipigwa marufuku bwawani. Mtoto akimeza maji, sisi akina mama tuliokaa kwenye nyasi na mataulo tulitakiwa tunyamaze, kwani Mwalimu aliamini kwamba ukimwambia mtoto pole ndipo anapokumbuka kuogopa. Mimi nilikuwa naing'ata ncha ya taulo ili nisiseme.

Lakini mtoto huyohuyo akitoka majini anatetemeka, Mwalimu ndiye aliyemfunga khanga yake mwenyewe, akamsugua mgongo mpaka meno yakaacha kugongana, huku akiendelea kumtukana kwa sauti ya chini.

Bwawa lenyewe lilikuwa la manispaa, huko kusini mwa mji. Zamani watu wa rangi yetu hawakuruhusiwa hata kuegemea ua wake. Mwaka ule wa uchaguzi wa kwanza wa watu wote tulipofika na waume zetu, ua ulikuwa umefunguliwa, ila ndani hakukuwa na watu: wa zamani waliacha kuja, na wapya hawakujua kuogelea. Mwalimu akaingia ofisini kwa msimamizi, na Kiingereza chake cha kuungaunga, akamwambia kwamba maji yake yanaoza bure na yeye yuko tayari kuyachezesha. Hakuna aliyejua vizuri alikojifunzia kuogelea. Ukimuuliza alikujibu kwamba alijifunza kwenye maji. Nilimfahamu tangu Morogoro, alipokuwa akiwafundisha mazoezi ya viungo watoto wa wakimbizi, na hata huko hakuwahi kulijibu swali hilo vizuri.

Mumewe alifariki muda si mrefu baada ya kurudi. Tulidhani na yeye atafungasha arudi kwao Tanga. Alivaa nguo za msiba kama desturi ya kwao mume ilivyotaka, alikaa ndani muda aliotakiwa kukaa, na siku aliyoruhusiwa kutoka alikwenda moja kwa moja bwawani. Alisema anabaki kwa sababu ya bwawa. Nafikiri alibaki kwa sababu yetu, ila usingemsikia akilisema hilo.

Alikuwa mtu wa sheria, lakini sheria za majini tu. Barabarani alivuka robot, yaani taa za barabarani, ikiwa nyekundu, mkono mmoja umenyooshwa kuyazuia magari, na madereva wa teksi waliokuwa hawamwogopi polisi walisimama. Kwenye miadi alichelewa siku zote. Kwenye karata alikuwa mwizi wa mchana. Jumamosi alikuja kwetu Rosettenville kucheza na mume wangu, akificha karata chini ya paja bila hata kujisumbua kuzificha vizuri, na akikamatwa alisema kulinda ni kazi ya mwenye mali. Mume wangu alimwita mwizi, yeye akamwita shemeji. Walitaniana kwa Kiswahili cha Morogoro, kile alichojifunza mume wangu uhamishoni, na nilikuwa nikiwasikia kutoka kwenye cherehani nikijisikia niko nyumbani.

Cherehani ndiyo iliyonifungamanisha naye zaidi. Kulikuwa na akina mama wa Fordsburg, wake za wafanyabiashara, waliotaka kujifunza kuogelea bila kuonekana na wanaume. Mwalimu akamshika msimamizi mpaka akampa bwawa Jumapili asubuhi, kabla ya kufunguliwa. Tulizungushia ua shuka na khanga kuukuu, tukamtoa hata mlinzi nje ya geti. Mimi nikapewa kazi ya kushona mavazi ya kuogelea ya mikono mirefu na miguu mirefu, kwa kitambaa cha kuvutika kinachouzwa pale sokoni Fordsburg. Vazi la kwanza lilifumuka mgongoni mteja akiwa katikati ya bwawa, kwa sababu nilishona kwa mshono ulionyooka, na kitambaa kile kinataka mshono wa nyoka. Mwalimu alimfuata majini na khanga. Hiyo ni moja ya zile mara chache nilizomwona amelowa, na aliponipita alinitazama tu.

Wanawake wale aliwafundisha mtindo wa chura, ule wa kukusanya miguu na kuipanua, mikono ikifungua maji mbele ya kifua. Ndio mtindo alioupenda kuliko yote. Alisema mitindo mingine ni ugomvi, lakini kwa huu unakwenda kama mtu mwenye adabu zake: unatoa kichwa, unavuta pumzi, unaona uendako. Ila ndio mtindo wenye sheria nyingi. Mikono iende pamoja, miguu iende pamoja, na ukifika ukutani uguse kwa mikono miwili kwa wakati mmoja. Mmoja ukitangulia hata kidogo, mwamuzi anainua mkono wake, na wewe umeondolewa hata kama umewashinda wote.

Na hapo ndipo Mwalimu alipojitafutia balaa yeye mwenyewe.

Maana nchi kavu hakuna aliyekuwa mkali kama yeye juu ya mkono wa kulia. Mtoto aliyenyoosha wa kushoto kupokea andazi alipigwa kikofi na kuulizwa kama mkono wa chooni umekuja kula. Usimpe mtu kitu kwa kushoto, usipokee kwa kushoto, usipunge kwa kushoto. Sisi sote tulilelewa hivyo na tuliwalea hivyo watoto wetu, tena kwa bidii zaidi kwa kuwa tulikuwa ugenini na tuliogopa wasije wakatupotea. Matokeo yake, kila mtoto wetu alipofika ukutani, mkono wa kulia ulitangulia kwenda kuupokea ukuta na wa kushoto ukabaki nyuma kwa heshima. Mwalimu alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Aliwaambia ukuta hauwapi sahani ya wali. Wapi. Thandi wangu ndiye aliyekuwa mbaya kuliko wote, kwa sababu ndiye aliyekuwa na adabu kuliko wote.

Dawa Mwalimu aliipata Soweto. Siku moja nilikwenda naye pamoja na Thandi kwa mama mkwe wangu, ambaye watoto wanamwita Gogo, yaani bibi. Gogo akamkabidhi Thandi kikombe cha chai, na Thandi akakipokea kwa viganja viwili pamoja, magoti yamekunjwa kidogo, kama wanavyopokea kwao. Hakufikiri hata kidogo. Kwangu alipokea kwa kulia, kwa Gogo alipokea kwa miwili. Mwalimu aliacha kutafuna. Wiki iliyofuata, Thandi alipoukaribia ukuta, sauti ikatoka ukingoni: "Gogo!" Na mikono miwili ikafika pamoja.

Tangu siku hiyo bwawa zima lilikuwa ni Gogo, Gogo. Watoto wa Bukavu na wa Bujumbura, ambao hawakuwa na bibi yeyote Soweto, nao waligusa ukuta kwa kusikia Gogo. Tatizo likawa moja tu. Mwalimu asipopiga kelele, Thandi alirudia mkono wake wa kulia. Si kila mara, lakini mara nyingi kiasi cha kumtia Mwalimu wasiwasi. Nilimsikia akimwambia, kwa upole ambao sikuuzoea, kwamba iko siku atalazimika kumsikia Gogo mwenyewe kichwani mwake.

Mwalimu alikuwa pia mwamuzi. Alisomea kozi yao, akapewa kadi, na kwenye mashindano ya shule alisimama juu ya ukuta akiinama kuangalia mikono ya watoto wa watu. Wazazi hawakumpenda, kwa kuwa hakuwa na mchezo. Lakini alikuwa na kanuni moja aliyoirudia kwa waamuzi vijana, nami niliisikia mara nyingi: "Kama hukuona, mkono unakaa chini. Shaka ni haki ya mwogeleaji." Alipoinua mkono, kwa hiyo, tulijua kaona.

Michezo ya Afrika nzima ilipoletwa Johannesburg, timu ya Tanzania ilipungukiwa wasichana wa kuogelea, na mtu akawaambia kuna binti aliyezaliwa Morogoro anayeishi hapahapa. Thandi alikuwa na miaka kumi na mitano. Nilidhani baba yake atakataa, yeye akiwa mtu wa huku aliyeipigania nchi hii. Lakini akasema: "Eish, nchi ile ilinificha ujana wangu wote. Acha mtoto akaishukuru kwa niaba yangu." Nililia jikoni. Thandi, ambaye Kiswahili alikisikia vizuri lakini akakijibu kwa Kiingereza au Kizulu, alianza kujifunza wimbo wa taifa akiwa anaosha vyombo.

Mita mia moja, mtindo wa chura, wanawake. Kwenda na kurudi, ukuta mmoja wa kugeukia. Alichokitaka Thandi kilikuwa kimoja tu: avuke mchujo wa asubuhi aogelee fainali ya jioni. Medali hakuiota mtu. Sisi tulitaka tumwone amesimama kwenye kibao cha kurukia pamoja na wale wenye mabega mapana, jina la Tanzania likitajwa na jina lake likifuata, mbele ya baba yake.

Waamuzi walikuwa wachache, na Mwalimu aliitwa. Nilimshonea sketi nyeupe. Asubuhi ile alipangwa upande wa kugeukia, juu ya njia ya tatu, na njia ya tatu katika mchujo wa pili ilikuwa ya Thandi. Baadaye nilisikia kwamba alikwenda mwenyewe kwa mkuu wa waamuzi kuomba ahamishwe. Akaulizwa kama yeye ni mama wa mtoto. Hapana. Kama ni kocha wa timu ya Tanzania. Hapana, timu ilikuwa na wake. Basi kaa, akaambiwa, hatuna mwingine. Akakaa.

Tulijaza safu nzima. Mama Furaha alifunga duka la kusuka akaja na bendera ya Tanzania, yeye Mkongo, kwa sababu Thandi alikuwa mtoto wake wa bwawani. Thandi alianza vizuri. Kichwa kinatoka, kinaingia, na njia ya nne pembeni yake msichana wa Afrika Kusini akimwacha kidogokidogo. Walipoukaribia ukuta wa mbali nilisimama, mume wangu akasimama, na wote tukapiga kelele ya Gogo kwa pumzi zetu zote. Lakini tulikuwa upande wa kuanzia, uwanja mzima unapiga kelele, na sidhani kama ilifika hata katikati ya bwawa. Mtu pekee aliyekuwa juu ya kichwa chake alikuwa Mwalimu. Na Mwalimu, kwa kazi aliyokuwa nayo siku hiyo, haruhusiwi kutoa sauti. Aliinama, mikono nyuma, mdomo umefungwa. Sijapata kumwona bwawani amefunga mdomo namna ile.

Thandi akagusa. Niliona povu tu. Kisha nikaona mkono wa Mwalimu umepanda juu, umenyooka.

Nusu ya pili ya mbio zile sikuiona, ingawa nilikuwa nikiitazama. Thandi alimaliza wa tatu, na kwa muda aliokwenda angeingia fainali. Alivua miwani ya maji akatutafuta huku akicheka. Kule upande wa pili mwamuzi mkuu alikuwa ameinama anaongea na Mwalimu, na Mwalimu anatikisa kichwa kukubali. Matokeo yakatoka kwenye ubao, majina yote na muda wao, na mbele ya jina la binti yangu pakawa patupu. Ilimchukua muda kuelewa. Niliona uso wake ulivyobadilika, na sitasema sikuumia. Niliumia kuliko nilivyowahi kuumia katika nchi hii.

Getini watu wetu walimngojea Mwalimu. Mama Furaha alikuwa ameikunja bendera kwapani. "Mwalimu, ile mutoto ni ya sisi," alimwambia. "Banaume bote na banamuke bote benye kuwa pale habakuona kitu. Weye uliona nini, weye peke yako?"

"Nimeona," Mwalimu akasema, akapita katikati yao.

Mume wangu alimpita shemeji yake kama anavyompita mtu asiyemjua kituoni, na karata za Jumamosi zikaishia hapo. Mimi niliendelea kumshonea na kwenda naye Fordsburg kununua kitambaa, maana niliamini kwamba aliona, na kwamba kama angemwonea huruma Thandi pale ukutani, ingembidi amwonee kila mtoto, kwani kila mtoto ni Thandi wa mtu. Lakini kwangu hakuingia tena mpaka mume wangu awe hayupo. Mashindano ya bara yalipokwisha, alirudisha kadi yake ya uamuzi. Watu walisema ameona haya. Thandi naye aligawa mavazi yake kwa watoto wadogo, akasema anataka kusoma. Hakukasirika wala hakugombana na mtu. Aliacha tu, na Mwalimu hakumwita arudi. Wakikutana njiani Thandi alisema shikamoo, akajibiwa marahaba, na kila mtu akashika njia yake.

Nikawa nikiwaza jinsi watu wawili waliopigiana kelele miaka yote ile walivyoweza kubaki na maneno mawili.

Miaka mingi ikapita hivyo. Thandi akaingia chuo kikuu pale Braamfontein, baba yake akazeeka na hasira ikamwisha yenyewe, ila alishindwa kupata pa kuanzia. Kisha, majira ya baridi ya mwaka ule walipoanza kuuchimbua mji mzima kuujengea viwanja vya Kombe la Dunia, Mwalimu akanitumia ujumbe kwamba anarudi Tanga, moja kwa moja. Magoti yamekataa baridi. Akaomba nimlete Thandi kabla hajaondoka. Mtoto, aliandika, japo mtoto mwenyewe alikuwa mtu mzima anayeendesha gari.

Tulikwenda alasiri. Alikuwa anaishi chumba cha uani, nyuma ya nyumba ya Mreno mmoja Rosettenville, na chumba kilikuwa karibu kitupu: mifuko miwili mikubwa ya shangazi kaja imefungwa kamba, hita, kitanda. Alikuwa amepungua. Aliketi kitandani na shali, akatuonyesha viti vya plastiki alivyoazima. Thandi alipiga goti akamwamkia. Tulizungumza habari za safari na bei ya mizigo na dada yake anayemngojea, na nilianza kudhani ni kuagana tu. Kisha akamgeukia Thandi na kukiacha kikombe chake chini.

"Siku ile, njia ya tatu. Mimi sikuona."

Thandi alimtazama.

"Ulipoufikia ukuta maji yaliruka yakanijaa machoni. Nilipofumbua, mikono yako yote miwili ilikuwa palepale ukutani. Sikuona uliotangulia, wala sikuona kama kuna uliotangulia." Alikuwa anaongea taratibu, kama mtu aliyeyapanga maneno haya muda mrefu. "Niliinua mkono kwa sababu nakujua. Nilijua hakuna aliyekupigia kelele. Nilijua mkono wako. Nikasema, lazima wa kulia umetangulia, na nikiacha kuinua, nitakuwa nimekuachia kwa sababu wewe ni wangu. Nikaogopa kukupendelea. Mwamuzi mkuu akaniuliza kama nimeona, nikamwambia nimeona. Angekuwa msichana mwingine yeyote, mkono wangu ungekaa chini. Wewe peke yako ndiye niliyekunyima haki ya shaka."

Nilikuwa nimeshika mkoba wangu kwa nguvu. Nilimwangalia huyu mwanamke niliyemtetea mbele ya mume wangu na mbele ya watu wote, nikitumia hoja moja tu, kwamba aliona. Kwa mara ya kwanza nilimkasirikia, na kwa wakati huohuo nilitaka kwenda kumfunika ile shali vizuri.

"Sijui kama ulikosea," aliendelea. "Nimeirudia siku ile kila siku ya Mungu, nikijaribu kuona. Sioni. Nalala na ule mkono, naamka nao. Nilitaka kuondoka kimya, nikashindwa."

Nje, mtoto wa yule Mreno alikuwa anapiga mpira ukutani. Kisha binti yangu akasogeza kiti chake mbele, na akasema kwa Kiswahili, kile chake cha kutafuta maneno moja moja:

"Ulitangulia, Mwalimu."

"Nini?"

"Mkono wa kulia. Ulitangulia. Mimi nilihisi. Nilikuwa naangalia yule dada wa njia ya nne, nikataka kumshika. Nikafika na kulia kwanza. Nilijua palepale, kabla ya kuona ubao."

"Kweli, mwanangu?"

"Kweli. Ulifanya sawa."

Kifua cha Mwalimu kikashuka, nami niliona kwa macho yangu kitu kinamtoka, mabega yakalegea, mikono ikalala mapajani. Akajifuta uso kwa ncha ya shali. Halafu akaanza kumfokea. Alimuuliza ni mara ngapi alimwambia asiangalie njia ya watu. Alimuuliza alikuwa na masikio ya nini. Alimwita mheshimiwa, alimwita fundi wa povu, huku machozi yanamtiririka na Thandi anacheka na kukubali kila kitu, naam Mwalimu, kweli Mwalimu. Tulipotoka alitusindikiza mpaka getini na magoti yake mabovu, na bado alikuwa anamsema.

Thandi aliendesha gari mpaka robot ya kwanza, ikawa nyekundu, akasimama. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hiyo kwamba alijua. Baba yake angepata nafuu. Mimi ningepata nafuu.

"Mama, sikumbuki chochote," alisema. Aliendelea kwa Kiswahili, jambo ambalo hakulifanya kamwe tukiwa wawili. "Nakumbuka maji. Mkono sikumbuki. Labda wa kulia, labda yote miwili. Nimefikiri sana, sijui."

Nikamwuliza sasa kwa nini amemwambia vile.

"Mimi naweza kuishi bila kujua," alisema binti yangu. "Yeye hawezi."